Jinsi ya kutafuta eneo chini ya mkunjo wa kawaida kwa kutumia alama z

Swali la mgawanyo wa kawaida lina hesabu mbili tu: unatoa, kisha unagawanya. Hata hivyo watu hulikosa kila mara, na ukikagua kazi zao utakuta alama z yenyewe (namba inayoonyesha kipimo kiko mbali kiasi gani na wastani) wameipata sawasawa. Mambo huharibika wanapofungua jedwali bila kujua linatoa eneo la upande gani wa mkunjo. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa mwaka wa kwanza chuoni, na wa yeyote anayekutana na z kazini, iwe kiwandani au kliniki.

## Unachohitaji

- Wastani (μ) na mkengeuko sanifu (σ, yaani kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) wa kitu unachokipima. Kimoja kikikosekana, huwezi kuanza.
- Jedwali la mgawanyo wa kawaida, lenye nafasi nne za desimali.
- Kikokotoo cha kawaida.
- Penseli na karatasi ya kuchorea. Mchoro hapa si pambo, ndio utakaokwambia kama jibu lako lina akili.

Mfano tutakaoutumia karibu mwongozo mzima ni huu: mashine inafungasha unga wa sembe katika pakiti zilizoandikwa kilo 2. Uzito halisi wa pakiti unafuata mgawanyo wa kawaida, wastani gramu 2,010, mkengeuko sanifu gramu 8. Namba hizi ni za kufundishia. Hesabu ni ileile hata ungepima saruji au urefu wa misumari.

## Hatua ya 1: Hakikisha mkunjo wa kawaida unafaa

Katika mtihani swali lenyewe hukuambia. Kazini hakuna wa kukuambia, kwa hiyo angalia. Mkunjo wa kawaida una umbo la kengele, pande mbili zinalingana, na kilele kiko juu ya wastani. Kama data inafuata umbo hilo, takribani asilimia 68 ya vipimo huwa ndani ya σ moja kutoka kwenye wastani, asilimia 95 ndani ya σ mbili, na asilimia 99.7 ndani ya σ tatu.

Uzito wa bidhaa za mashine moja na urefu wa watoto wa umri mmoja kwa kawaida hukaa vizuri. Mapato ya watu hayakai: wachache wenye fedha nyingi huuvuta mkia wa kulia ukawa mrefu. Ukichukua wastani na σ ya mishahara ukaingiza kwenye fomula, jedwali litakupa namba nzuri yenye desimali nne, na itakuwa ya uongo. Jedwali halina namna ya kujua kwamba umelilisha data isiyofaa.

## Hatua ya 2: Chora, tia kivuli, kisha bashiri

Chora kengele. Weka 2,010 katikati. Tia alama kila σ moja: 1,994, 2,002, 2,010, 2,018, 2,026. Weka x ya swali (kipimo kinachoulizwa) mahali pake, kisha tia kivuli upande unaoulizwa.

Tuseme swali ni: pakiti ngapi kwa mia zina uzito chini ya gramu 2,000? Weka 2,000 kushoto kwa wastani, kati ya 1,994 na 2,002. Kivuli kinakwenda kushoto. Ni mkia mdogo, kwa hiyo kabla hujagusa jedwali unajua kwamba jibu liko chini sana ya 0.5. Iandike bashiri hiyo pembeni. Ukija kupata 0.8944, mchoro utakukatalia hapohapo.

Kumbuka pia kwamba eneo lote chini ya mkunjo ni 1, na kila nusu ni 0.5. Jibu lolote lililozidi 1, au lililo hasi, ni kosa bila mjadala.

## Hatua ya 3: Geuza x kuwa z

Fomula:

z = (x − μ) ÷ σ

Kwa pakiti yetu: z = (2,000 − 2,010) ÷ 8 = −10 ÷ 8 = −1.25

Maana yake ni kwamba gramu 2,000 ziko chini ya wastani kwa mikengeuko sanifu 1.25. Alama ya kutoa inaonyesha upande tu: hasi ni kushoto, chanya ni kulia. Eneo lenyewe haliwi hasi.

Mambo matatu huenda kombo hapa.

Kwanza, mpangilio. Ni x kutoa μ, siyo μ kutoa x. Ukigeuza, alama inabadilika na unajikuta upande mwingine wa kengele.

Pili, kikokotoo. Ukiandika 2000 − 2010 ÷ 8 bila mabano, mashine inagawanya kwanza na kukupa 1,748.75. Weka mabano, au toa kwanza ubonyeze alama ya sawasawa ndipo ugawanye.

Tatu, na hili ndilo linalokula alama nyingi: variansi. Vitabu vingi huandika X ~ N(μ, σ²), yaani X inafuata mgawanyo wa kawaida wenye wastani μ, na namba ya pili ni variansi (mraba wa mkengeuko sanifu). Ukiona N(50, 16), σ ni kipeuo cha pili cha 16, yaani 4. Anayegawanya kwa 16 anapata z ndogo mara nne kuliko inavyotakiwa, na kila kinachofuata kinaharibika kimyakimya.

Kadiria z hadi nafasi mbili za desimali, kwa sababu ndivyo majedwali mengi yalivyopangwa.

## Hatua ya 4: Lijue jedwali lako

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Yako majedwali ya aina tatu, yote yanaitwa jedwali la mgawanyo wa kawaida, na ukurasa mmoja unafanana na mwingine. Tofauti ni eneo linalotolewa:

- Aina A: eneo lote la kushoto mwa z, kuanzia mwisho wa mkia wa kushoto.
- Aina B: eneo kati ya katikati (z = 0) na z.
- Aina C: eneo la mkia wa kulia, kuanzia z kwenda juu.

Kipimo cha kulitambua huchukua sekunde kumi. Soma z = 0.00, kisha z = 1.00.

| Jedwali | z = 0.00 | z = 1.00 |
|---|---|---|
| A (kushoto) | 0.5000 | 0.8413 |
| B (kutoka katikati) | 0.0000 | 0.3413 |
| C (mkia wa kulia) | 0.5000 | 0.1587 |

A na C zote zinaanza na 0.5000, ndiyo maana lazima usome na 1.00. Namba zikipanda uko kwenye A, zikishuka uko kwenye C. Mchoro mdogo wa kengele uliochapwa juu ya jedwali nao unasaidia, ila kwenye nakala za fotokopi kivuli chake mara nyingi kimefutika, kwa hiyo amini namba.

Ukishalitambua, andika herufi yake kwa penseli kwenye kona ya karatasi yako ya kazi. Usichanganye majedwali mawili ndani ya swali moja.

## Hatua ya 5: Soma jedwali

Safu wima ya kwanza kushoto ina z hadi desimali ya kwanza. Safu mlalo ya juu ina desimali ya pili. Kwa 1.25, shuka hadi 1.2, kisha nenda kulia hadi chini ya 0.05 (baadhi ya majedwali huandika 5 tu). Utakuta:

- Jedwali A: 0.8944
- Jedwali B: 0.3944
- Jedwali C: 0.1056

Angalia uhusiano wake: 0.3944 + 0.5 = 0.8944, na 1 − 0.8944 = 0.1056. Majedwali yote matatu yanasema jambo lilelile kwa pembe tofauti.

Kosa la kusoma linalojirudia ni la z = 0.5. Mtu anakwenda mstari wa 0.0 na kukamata safu ya 0.05, anatoka na 0.5199 badala ya 0.6915 (jedwali A). Namba 0.5 ni 0.50: mstari wa 0.5, safu ya 0.00.

Kama jedwali lako lina safu za ziada mkono wa kulia, zenye vichwa 1 hadi 9, hizo ni za desimali ya tatu ya z. Ukikuta 13 humo, maana yake ni 0.0013. Kwenye A na B unaijumlisha. Kwenye C unaitoa, kwa kuwa mkia unapungua kadiri z inavyokua.

## Hatua ya 6: Pata eneo unalolitaka

Majedwali mengi yana z chanya tu. Usihangaike: kengele ina pande sawa, kwa hiyo eneo la chini ya −1.25 ni sawasawa na eneo la juu ya +1.25. Hili peke yake linatosha kumaliza maswali yote ya z hasi. Kuanzia hapa natumia jedwali A, na pale inapobidi nataja mengine.

### Eneo la chini ya x

Pakiti zilizo chini ya 2,000, z = −1.25. Kwa A: 1 − 0.8944 = 0.1056. Kwa B: 0.5 − 0.3944 = 0.1056. Kwa C: soma moja kwa moja, 0.1056.

Asilimia 10.56, mkia mdogo kama tulivyobashiri. Katika pakiti 5,000, tarajia takribani 528 zenye upungufu. Kwa mwenye kiwanda hiyo si namba ya kuchekea.

### Eneo la juu ya x

Pakiti zilizozidi 2,016: z = 6 ÷ 8 = 0.75. Kushoto kuna 0.7734, kwa hiyo kulia ni 1 − 0.7734 = 0.2266.

Anayeandika 0.7734 hapa amejibu swali la mwenzake, la "chini ya 2,016". Mchoro wenye kivuli upande wa kulia, chini ya nusu, ungemzuia.

### Eneo kati ya x mbili

Pakiti za kati ya 2,014 na 2,022. Tafuta z mbili: 4 ÷ 8 = 0.5 na 12 ÷ 8 = 1.5. Soma maeneo mawili: 0.6915 na 0.9332. Toa dogo kwenye kubwa: 0.9332 − 0.6915 = 0.2417.

Onyo: toa maeneo, kamwe usitoe z. Ukifanya 1.5 − 0.5 = 1.0 na kusoma jedwali, unapata 0.8413, eti asilimia 84 ya pakiti zote zimebanana ndani ya gramu 8 za upande mmoja. Mkunjo hauna urefu sawa kila mahali. Hatua moja ya z karibu na katikati inabeba eneo kubwa, na hatua hiyohiyo mkiani haibebi kitu.

Wenye jedwali B wana mtego wao wa peke yao. Kama z zote ziko upande mmoja, unatoa (0.4332 − 0.1915 = 0.2417). Kama ziko pande mbili tofauti za katikati, unajumlisha. Kati ya 2,000 na 2,016, kwa mfano, z ni −1.25 na 0.75: 0.3944 + 0.2734 = 0.6678. Kwa jedwali A huna haja ya kukumbuka hilo, unatoa siku zote: 0.7734 − 0.1056 = 0.6678. Ukiwa na hiari ya kuchagua, chagua A.

### z kubwa kupita jedwali

Jedwali likiishia 3.49 nawe una z = 4.2, eneo la kushoto ni karibu kabisa na 1 na mkia ni karibu kabisa na 0. Andika "takribani 1" au "takribani 0". Mkunjo haugusi mstari wa chini, kwa hiyo sifuri kamili haipo.

## Hatua ya 7: Kurudi nyuma, kutoka eneo hadi x

Maswali ya nyuma hupewa asilimia na kuulizwa kipimo. Meneja anasema: nataka pakiti zilizo chini ya 2,000 zisizidi asilimia 1. Niiweke mashine kwenye wastani gani, kama σ inabaki 8?

1. Asilimia 1 ni mkia wa kushoto wa 0.0100. Eneo la upande wa pili ni 0.9900.
2. Tafuta 0.9900 ndani ya jedwali, katikati ya namba, siyo pembeni. Iliyo karibu zaidi ni 0.9901, kwenye z = 2.33.
3. Mkia uko kushoto, kwa hiyo z = −2.33. Alama hii husahauliwa kuliko kitu kingine chochote katika maswali ya nyuma.
4. Geuza fomula: x = μ + zσ. Hapa x tunaijua, tunatafuta μ: μ = 2,000 + 2.33 × 8 = 2,018.64.

Mashine iwekwe kwenye gramu 2,018.6 hivi. Jibu sahihi lazima liwe juu ya 2,010, maana tunataka pakiti pungufu zipungue. Ukipata 1,981 umesahau alama ya kutoa.

Hapa ndipo z inapolipa gharama yake. Kupandisha wastani kwa gramu 8.6 ni kutoa bure kilo 43 za unga katika kila pakiti 5,000. Njia nyingine ni kuuacha wastani 2,010 na kupunguza mtawanyiko: σ = 10 ÷ 2.33 = gramu 4.3. Fundi akiweza kuituliza mashine hadi hapo, upungufu unashuka hadi asilimia 1 bila kuongeza unga.

z za kuweka kichwani ni 1.282 kwa mkia wa asilimia 10, 1.645 kwa asilimia 5, 1.960 kwa asilimia 2.5 na 2.326 kwa asilimia 1.

## Swali likihusu wastani wa sampuli

Neno moja linabadilisha swali zima. "Pakiti moja" inatumia σ. "Wastani wa pakiti 16" unatumia σ ÷ √n, ambapo n ni idadi ya pakiti ulizochota.

Umechota pakiti 16. Kuna uwezekano gani wastani wake uwe chini ya 2,006? Gawanya 8 kwa √16, unapata 2. Kisha z = (2,006 − 2,010) ÷ 2 = −2.00, eneo 0.0228. Ukitumia 8 utapata z = −0.5 na eneo 0.3085. Tofauti hiyo ni ya kati ya "mashine ina tatizo, ikague" na "hali ya kawaida, endeleeni".

## Vipimo visivyo na desimali

Alama za mtihani, idadi ya wateja, idadi ya mayai: hivi huhesabika kwa namba kamili, lakini mkunjo ni mstari usiokatika. Panua mpaka kwa nusu. Wastani wa alama 52, σ 12, waliopata 60 na zaidi: anza 59.5. z = 7.5 ÷ 12 = 0.625, ikikadiriwa 0.63, eneo la juu 0.2643. Ukianza na 60 unapata 0.2514. Kwa watahiniwa 300 ni kama 79 dhidi ya 75. "Zaidi ya 60" ingeanza 60.5, kwa hiyo soma swali kwa makini.

## Kikokotoo na Excel

Casio fx-991MS, ukiwa kwenye hali ya SD (ya takwimu), ina menyu ya DISTR yenye P, Q na R. P ni eneo la kushoto, R ni mkia wa kulia, na Q ni kutoka katikati hadi z. Yaani ni majedwali A, C na B. Hatari iko kwenye Q, kwa sababu vitabu vingi huandika Q(z) kumaanisha mkia wa kulia. Ijaribu kwa z = 1 kabla ya kuitegemea.

Kwenye vikokotoo vipya vyenye menyu ya mgawanyo, chagua Normal CD. Normal PD inatoa urefu wa mkunjo mahali hapo, si eneo.

Kwenye Excel, =NORM.DIST(2000,2010,8,TRUE) inatoa 0.1056 bila kupitia z. Ukiandika FALSE unapata urefu tena. Kurudi nyuma ni =NORM.S.INV(0.01), inayotoa −2.326.

## z ya kliniki

Kwenye viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa miaka 5 ana urefu wa katikati wa sentimita 110.0, na mstari wa z = −2 uko kwenye 100.7. Hiyo inatupa σ ya 4.65. Mtoto wa sentimita 103 ana z = −7 ÷ 4.65 = −1.51, na eneo la kushoto kwake ni 0.0655. Katika kundi la rejea, watoto kama 6 au 7 kwa mia ni wafupi kuliko yeye. Mstari wa udumavu uko −2, ambako eneo ni 0.0228, hivyo hajauvuka.

Usiihamishie hesabu hii kwenye uzito. Uzito wa watoto hauna kengele yenye pande sawa, na viwango hivyo huunyoosha kwa fomula nyingine kabla ya kutoa z. Kwa uzito tumia chati yenyewe.

## Jipime

1. Pakiti za kati ya 2,002 na 2,018 ni sehemu gani ya zote?
2. X ~ N(70, 25). Tafuta eneo la juu ya 62.
3. Wastani 52, σ 12. Alama ipi inaanzia asilimia 10 ya juu? Chukulia alama zinaweza kuwa na desimali.

Majibu: (1) 0.6826. Ukipata 0.3413 umehesabu nusu moja ya kengele. (2) z = −1.60, eneo 0.9452. Ukipata 0.6255 umegawanya kwa variansi, ukipata 0.0548 umetia kivuli upande usioulizwa. (3) z = 1.28, x = 67.4. Ukipata 36.6 umekwenda mkia wa kushoto, na ukipata 58.5 umeisoma 0.10 jedwalini kana kwamba ni z, ukaitumia 0.5398 uliyoikuta humo, badala ya kulitafuta eneo la 0.90 ndani ya jedwali kisha kutoka na z yake.